Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Pwani ya Kaskazini Kwenye Mchanga wa Kigoma

Toleo lililopita tulieleza ndege wa majira ya joto kwenye ghuba ya Varanger, pwani ya kaskazini kabisa ya Norwei: chamchanga (ndege wa tope na mchanga wa ukingoni mwa maji) wadogo wanaotaga kwenye tundra, yaani nyika baridi isiyo na miti, chamchanga madume wanaoota shada la manyoya shingoni na kuchezeana ngoma ya kugombea majike, buabua wa Aktiki, na shakwe waliojazana kwenye majabali ya Ekkerøy na Hornøya. Barua nyingi zilizofuata zimetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hilo halikutushangaza. Fungua ramani. Mji wa Vadsø, ulio kwenye ghuba hiyo, uko longitudo 29.7 mashariki, Kigoma iko 29.6. Ukipiga mstari kutoka stesheni ya Kigoma kwenda kaskazini bila kupinda, unapita jirani na Alexandria, Istanbul na St Petersburg, kisha unatokea Vadsø, kiasi cha kilomita 8,300 kutoka ulipoanzia. Kigoma ni mwisho wa reli, lakini kwa ndege hawa ni kituo tu cha njiani.

Wapendwa wa safu, mmesema msimu wa ndege kule ni majira ya joto, na kamusi zetu zinatafsiri neno hilo kuwa kiangazi. Kiangazi chetu ni Juni hadi Septemba. Nikiwapeleka wanafunzi ufukweni mwezi Juni tunaona yangeyange, mdiria na kunguru tu. Tumekosea wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Ujiji*

Mwalimu, kosa liko kwenye kamusi. Kiangazi ni ukavu: mvua zimekatika, majani yamekauka, na usiku wa Juni watu wa Kigoma hujifunika blanketi. Kule Varanger Juni ni mwezi wa mwanga. Jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi karibu na mwisho wa Julai, theluji inayeyuka, vidimbwi vinajaa viluwiluwi vya mbu, na kinda la chamchanga likishatotolewa huanza kujitafutia chakula siku ile ile. Ndege wa Kigoma ana saa 12 za mwanga kila siku, mwaka mzima. Wa Vadsø, mwezi huo, ana saa 24. Ndiyo maana mmoja wa chamchanga wadogo kabisa, *Calidris minuta*, mwenye uzito wa gramu 25 hivi (vijiko viwili vya chakula vya sukari), huona inamlipa kwenda mbali kiasi hicho ili atage mayai manne.

Shughuli yenyewe ni fupi. Mayai huatamiwa kama wiki tatu, makinda huruka wiki mbili au tatu baadaye, na wakubwa hawangoji. Mfano mzuri ni chamchanga mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, *Calidris ferruginea*, anayetaga mashariki zaidi, kwenye tundra ya Siberia. Dume haatamii kabisa. Mapema Julai huwa ameshaondoka, jike likiwa bado na mayai au makinda. Jike hufuata baadaye. Vijana huondoka wa mwisho, peke yao, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia.

Kwa hiyo Juni ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa safari yako: ndege unaowatafuta wako kwenye viota. Mwisho wa Julai na Agosti wakubwa wa kwanza hutua kwenye mwambao wetu, baadhi wakiwa bado na mabaka ya vazi la uzazi. Septemba na Oktoba wanapita kwa wingi, vijana wakiwemo, na kwa kuwa mvua bado, wanalazimika kukusanyika palipo na tope na mchanga. Hiyo ndiyo miezi yenu. Mvua zikishika Novemba, kila shamba la mpunga na kila dimbwi linakuwa meza ya chakula, ndege wanatawanyika, na kuwatafuta kunachosha. Januari na Februari mabadiliko ni madogo. Machi na Aprili wanarudi kuvutia: wanabadili manyoya na kunenepa kwa ajili ya safari. Yule wa mdomo uliopinda, aliyekuwa wa kijivu tangu Oktoba, anageuka rangi ya tofali la kuchoma. Katikati ya Mei wengi wameshaondoka.

Hamishia safari kwenye wiki ya pili au ya tatu ya Septemba. Muwe mmefika saa 1:30 asubuhi na mmalize saa 3:30. Saa hizo zina sababu yake. Mwambao wenu unatazama magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni na rangi za miguu na midomo zinaonekana vizuri. Alasiri jua linamulika usoni, maji yanalirudisha, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Tangu 2020 ziwa limepanda na kumeza sehemu nyingi za mchanga, kwa hiyo msing'ang'anie ufukwe wa mjini. Jaribuni bonde la Luiche penye mpunga na, kwa wenye usafiri, delta ya Malagarasi upande wa Ilagala. Midomo ya mito ina mamba. Wanafunzi wasikaribie ukingo wenye matete, na mtu mzima asimame upande wa maji.

Julai 2 nilimkuta chamchanga mmoja peke yake kwenye jaruba la mpunga Luiche. Je, ni mgonjwa, au amepotea?
*Mkulima, Ujiji*

Huenda hana tatizo lolote. Chamchanga wengi wa umbo kubwa kiasi huwa hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Hawajawa tayari kuzaa, safari ni ya hatari, hivyo hubaki Afrika mpaka zamu yao ifike. Furukombe-samaki wa kaskazini, yule mwenye kichwa cheupe na mstari mweusi unaopita kwenye jicho, hukaa hivyo hata zaidi ya mwaka. Ukimkuta tena, mtazame manyoya: kijana aliyebaki huwa na manyoya ya mabawa yaliyochakaa na kupauka, ncha zimelika. Kama yuko safi na ana madoa meusi ya vazi la uzazi, na tarehe ni ya mwisho wa Julai, huyo ni mkubwa aliyekwisha kurudi. Mgonjwa utamjua kwa mabawa yanayoning'inia au kwa kukuacha umsogelee hadi hatua tano.

Shikamooni. Hapa kwenye mitumbwi kuna kandege ka kijivu kanakotikisa mkia bila kupumzika. Rafiki yangu anasema wako wa aina nne, mimi nasema ni mmoja. Tuamulieni.
*Fundi mitumbwi, Kibirizi*

Marahaba. Wote wawili mna sehemu ya ukweli. Anayetikisa mkia juu ya mitumbwi na mawe ni mmoja, *Actitis hypoleucos*, chamchanga wa kawaida. Lakini wanaofanana naye wapo, na ndio wanaoharibu orodha za watu wengi.

Anza na bega. Chamchanga wa kawaida ana kifua chenye kahawia pande mbili, na weupe wa tumbo unapanda kama ulimi kati ya kifua na bawa lililokunjwa. Alama hiyo inaonekana hata kwa macho matupu ndege akiwa hatua 20. Hakuna mwenzake mwingine hapa mwenye ulimi huo. Kisha mwache aruke: hupita chini karibu na maji, mabawa yamekazwa na kupinda kidogo, anapiga mapigo mafupi ya haraka, anateleza, anapiga tena. Kwenye bawa kuna mstari mweupe. Sauti ni nyembamba, twii-wii-wii. Mkia unatikisika pamoja na kiuno chote, kama bembea.

Wa pili ni *Tringa glareola*. Huyu hapendi mitumbwi, mtafute kwenye mpunga na madimbwi ya majani. Mgongo umejaa vidoa vyeupe, miguu ni ya njano iliyofifia, na mstari mweupe juu ya jicho ni mrefu, unakwenda hadi nyuma ya jicho. Akiruka huonyesha weupe juu ya mkia na hana mstari kwenye bawa. Hulia chif-if-if.

Wa tatu, *Tringa ochropus*, ndiye anayewachanganya hata wazoefu. Naye ana weupe juu ya mkia, lakini mgongo ni mweusi zaidi na chini ya bawa ni kama masizi, kwa hiyo akiruka anaonekana mweusi na mweupe tu. Mstari wa jicho ni mfupi, unaishia mbele ya jicho. Mara nyingi yuko peke yake kwenye mtaro au kijito chenye kivuli, mahali ambapo usingetegemea chamchanga yeyote.

Wa nne ni mkubwa, urefu sentimita 30 au zaidi, *Tringa nebularia*: miguu ya kijani, mdomo mnene kidogo uliopinda juu kwa mbali, na sauti tatu za wazi, tyu-tyu-tyu, zinazosikika ziwani kabla hujamwona. Huyo hahitaji ubishi.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kutegemea rangi ya miguu. Tope la Luiche hufanya kila mguu uwe wa kahawia, kwa hiyo subiri ndege aingie majini ajioshe. La pili ni kumhesabu yule mwenyeji mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu, anayetembea hata juu ya mabati ya nyumba. Naye anatikisa mkia, lakini hana undugu na chamchanga, na hakuna anakokwenda mwezi Mei.

Ukiona kundi la wenye shingo ndefu, vichwa vidogo, na mgongo wa magamba-magamba ya kahawia, hao ndio *Calidris pugnax*, wale wa shada la shingoni tuliowaandika Varanger. Hapa shada hutaliona, kwa sababu huota kuelekea Mei na hudondoka kabla hawajarudi. Aidha, kadiri unavyokwenda kusini mwa Afrika ndivyo madume yanavyopungua, hivyo wengi mtakaowaona ni majike, madogo wazi wazi kuliko madume. Wawili wa kundi moja wanaweza kutofautiana ukubwa hadi ukadhani ni aina mbili.

Mimi nauza dagaa. Kuanzia mwezi wa kumi wanakuja shakwe wakubwa wenye mgongo mweusi, tofauti na wetu wa kichwa cha kijivu. Wanatoka wapi, na nitawazuiaje kwenye dagaa bila kuwaua?
*Mama wa Katonga*

Mama, umewapanga vizuri. Wenu wa kila siku ni shakwe kichwa-kijivu: mdomo na miguu myekundu, mgongo wa kijivu, anazaa humu humu Afrika. Yule mkubwa mwenye miguu ya njano na mdomo wa njano wenye doa jekundu chini ni *Larus fuscus*. Jamii yake yenye mgongo mweusi kabisa huzaa kwenye pwani na visiwa vya Ufini, Uswidi na Norwei, kisha badala ya kwenda magharibi na shakwe wengine wa Ulaya, hushuka kupitia Bahari Nyeusi na bonde la Nile hadi kwenye maziwa yetu makubwa. Wapo pia wa kutoka Urusi, wakubwa zaidi, mgongo wao umepauka kidogo. Kuwatenganisha hao kunahitaji picha nzuri na subira, na dagaa wako hawatangoja. Ukiona wakubwa wa kahawia yenye madoadoa na mdomo mweusi, hao ni vijana wa jamii hiyo hiyo. Baadhi ya vijana hubaki mwaka mzima.

Kuhusu dagaa: wanaoanikwa mchangani hawalindiki. Tumia chanja yenye kimo cha mita 1. Simika miti pembeni, tandaza wavu chakavu wa dagaa juu yake, na acha nafasi ya nusu mita kati ya wavu na dagaa. Ukiulaza wavu juu ya samaki, shakwe atadonoa kupitia matundu. Kaza wavu pande zote nne kwa kamba. Huo ndio mwisho wa kazi na ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa wavu uliolegea unanasa mguu wa ndege, ndege anapapatika, anapindua chanja, na hasara inakuwa kubwa kuliko alichotaka kula. Funga vipande vya mfuko mweupe kila hatua mbili ili ndege auone wavu. Matumbo na samaki waliooza wazikwe. Lundo la taka ndilo linalowaita kwanza. Sumu usiiguse kabisa: shakwe akidondosha kipande chenye sumu kwenye chanja ya jirani, atakayekila ni mtu.

Nimeokota ndege aliyekufa ufukweni, mguuni ana pete ya bati yenye maandishi ya kigeni. Jirani anasema ni ya upelelezi. Nifanye nini?
*Mvuvi, Ilagala*

Haina upelelezi. Ni pete ya utafiti, na kazi hiyo ilianza 1899 huko Viborg, Denmark, mwalimu Hans Christian Cornelius Mortensen alipowavisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba. Kila pete ina mambo mawili: anwani ya kituo na namba isiyojirudia. Anwani unazoweza kukutana nazo ni kama MUSEUM HELSINKI, RIKSMUSEUM STOCKHOLM, STAVANGER MUSEUM, HIDDENSEE au HELGOLAND. Hiddensee na Helgoland ni visiwa vya Ujerumani, kimoja Bahari ya Baltiki na kingine Bahari ya Kaskazini.

Kwa ndege aliyekufa, vua pete, inyooshe taratibu kwa koleo, ioshe kwa maji na sabuni. Usiikwaruze kwa kisu. Aluminiamu ikikaa majini hulika na namba hufifia. Ukiisugua kwa kisu unafuta kilichobaki. Weka unga wa mkaa juu ya maandishi, futa kwa kidole, na namba zitajitokeza nyeusi. Piga picha kila upande, pete ikiwa kando ya sarafu ili ukubwa ujulikane. Andika herufi zote, hata zile zinazoonekana hazina maana, kwa sababu herufi ya kwanza mara nyingi ni ya ukubwa wa pete na ikikosekana namba inakuwa ya ndege mwingine. Ongeza tarehe uliyomwokota, mahali kwa jina la kijiji na umbali kutoka mto au gati, na hali yake: mbichi, ameoza, au mifupa tu. Hali hiyo ndiyo inayowaambia alikufa lini. Kama alinaswa wavuni, sema hivyo hivyo. Hakuna anayekushitaki, na jibu la kweli lina faida kuliko la heshima.

Kisha jaza fomu ya mtandaoni ya EURING, umoja wa vituo vya Ulaya vya kuvisha ndege pete ulioanzishwa 1963. Anayekosa intaneti apeleke maelezo na picha kwa ofisa wanyamapori wa wilaya ili yafikishwe TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania. Kwa kawaida utajibiwa ndege alivishwa wapi na lini. Kunawa mikono baada ya kumshika ni lazima, na ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja usiwaguse, mwite daktari wa mifugo.

Kama ndege yuko hai, pete haivuliwi. Soma namba, piga picha, mwachie. Wengine huvishwa pete kubwa za plastiki zinazosomeka kwa darubini. Hizo andika rangi ya pete, rangi ya herufi, iko mguu wa kulia au wa kushoto (wa ndege, si wako), na juu au chini ya goti.

Kila mwaka mvua zikikolea, mashamba yetu yanajaa korongo. Mzee wetu anasema wengine ni wa Ulaya na wengine wa hapa hapa. Tutawajuaje?
*Msomaji, Urambo, Tabora*

Mzee yuko sahihi, ila hata wale "wa hapa hapa" nao ni wasafiri. Korongo mweupe wa Ulaya anasimama zaidi ya mita 1, mwili mweupe, manyoya ya kurukia meusi, mdomo na miguu myekundu. Yule mdogo, mweusi mwenye tumbo jeupe, uso wa buluu na mdomo wa kijani-kijivu ni *Ciconia abdimii*. Huzaa katika nchi za Saheli, kusini mwa Sahara, mvua za huko zikinyesha katikati ya mwaka, kisha hushuka kwetu kufuata mvua zetu. Korongo mwenye mdomo wa njano na uso mwekundu anayekaa mabwawani kama Igombe huonekana mwaka mzima, na viwavijeshi hawamshughulishi sana, yeye ni wa samaki.

Tahadhari moja kuhusu miguu. Mchana wa jua kali korongo mweupe hujinyea miguuni ili unyevu ukikauka umpoze. Miguu inakuwa kama imepakwa chokaa, na mtu aliyesoma kitabuni "miguu myekundu" anaandika aina nyingine. Angalia mdomo.

Korongo huyu hapigi mabawa safari nzima. Anazunguka ndani ya hewa moto inayopanda kutoka ardhini, anapata kimo, halafu anateleza hadi penye hewa nyingine. Baharini hewa hiyo ni haba, kwa hiyo wa Ujerumani ya mashariki na Poland huzunguka kupitia Istanbul, Sinai na Nile badala ya kukatiza Mediterania. Ushahidi wa kwanza uliowanyamazisha wabishi wa Ulaya ulitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz, mji wa pwani ya Baltiki ya Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika wa urefu wa sentimita 80 hivi uliopenya shingoni. Aliruka nao hadi kwao. Yupo mpaka leo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya hapo walikuwepo wasomi waliofundisha kwamba ndege wa majira ya joto hulala chini ya tope wakati wa baridi.

Kundi likiwa shambani, subirini liondoke ndipo mpulizie dawa ya viwavijeshi. Korongo hula kwanza kiwavi anayegaagaa, yaani yule aliyekwisha kunywa dawa.

Januari niliona buabua wa Aktiki hapa bandarini, mdomo mwekundu kabisa. Nimeambiwa haiwezekani. Kwa nini mnakataa msichokiona wenyewe?
*Msomaji, Kigoma mjini*

Hatukatai kwamba uliona ndege. Tunakataa jina. Buabua wa Aktiki huzaa Varanger kwa maelfu, lakini njia yake ni ya bahari: hushuka na Atlantiki hadi kwenye barafu za kusini. Kumkuta Ziwa Tanganyika kungekuwa habari kubwa. Tena mwezi Januari mdomo wake si mwekundu, huwa mweusi, na paji la uso ni jeupe. Wekundu ni wa msimu wa uzazi. Hapo ndipo maelezo yako yanapojikana yenyewe.

Januari, mwenye mdomo mwekundu anayeruka juu ya ziwa lenu kwa kawaida ni shakwe kichwa-kijivu, ambaye wakati huo kichwa kinaweza kuwa cheupe karibu chote. Buabua wadogo wengi wa hapa ni *Chlidonias leucopterus*, wa madimbwi ya Ulaya ya mashariki na Asia: mdomo mweusi mfupi, baka jeusi nyuma ya jicho kama spika za masikioni, wanaokota wadudu juu ya maji bila kuzama. Mwezi Aprili hao hao wanageuka weusi tii mwili mzima, mabawa meupe, na tunapata barua za "ndege mpya".

Ukitaka taarifa yako ipokelewe, iandike kabla ya kufungua kitabu. Saa, mahali, jua lilikuwa upande gani, umbali kwa hatua, na ukubwa ukilinganisha na ndege unayemjua aliyekuwa karibu. Halafu mdomo, miguu, kichwa, mkia, kilichoonekana bawa lilipofunguka, sauti, alikuwa akifanya nini. Chora, hata kama mchoro ni wa aibu. Mwisho andika ndege gani wengine uliwafikiria na kwa nini uliwaondoa. Picha moja yenye ukungu ni bora kuliko maneno mia. Taarifa zilizokamilika ziweke eBird, tovuti ya kukusanya taarifa za ndege, ni bure. Na tafadhali: bandarini usielekeze darubini wala kamera kwenye gati au vyombo vya ulinzi kabla ya kuomba ruhusa. Fukwe za uvuvi, pita kwanza kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe) ujitambulishe.

Ninunue darubini ya namba gani? Ya kwanza imeingia ukungu ndani baada ya masika moja.
*Msomaji, Bangwe*

Nunua 8x42. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya: 42 kwa 8 ni zaidi ya 5, na ukipata 5 au karibu yake mwanga wa alfajiri unatosha. Usidanganyike na 20x au 30x za mitaani. Mkono unatetemeka, na kutetemeka nako kunakuzwa mara 20.

Kabla ya kulipa, irekebishe hivi: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi ya mbali yasomeke kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia tu. Fungua yote mawili. Ukiona picha mbili, au kichwa kikiuma ndani ya dakika mbili, vioo vya ndani vimehama. Irudishe, hairekebishiki mezani.

Ukungu ule ni kuvu inayoota kwenye kioo chenye unyevu na giza. Mkoba wa ngozi ndio nyumba yake. Weka darubini kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vifuko vinne au vitano vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ubadilishe kila mwezi wakati wa mvua. Mchele usitumie, una vumbi. Lenzi ipulizwe kwanza mchanga utoke, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Ukianza na pindo la shati, unaipiga msasa.

Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya pale stesheni, ni wa Ulaya?
*Msomaji, Kigoma*

Kati ya Septemba na Aprili wengi ndio. Mbayuwayu wa Ulaya ana koo la wekundu wa kutu na mkanda wa buluu iliyokoza unaolitenga na tumbo. Mwenye kofia nyekundu na koo jeupe ni mwenyeji. Kiota cha tope chenye makinda chini ya daraja mwezi Desemba hakiwezi kuwa cha mgeni, kwani wa Ulaya hazai huku. Mkia mfupi usikusumbue: Oktoba na Novemba vijana ni wengi na manyoya marefu bado. Hesabu tena mwezi Machi, waya ule ule, saa ile ile, na uandike wangapi wana mikia mirefu.